Neno Alilolisikia Mwanawetu

Mwanawetu alikuwa mshonaji wa kanzu pale Old Kampala, katika nyumba ya mabati aliyoijenga babu yake alipokuja na wafanyabiashara wa pwani na kuamua kutorudi. Cherehani yake ilikaa barazani miaka nenda miaka rudi, na mtu akitaka kanzu ya harusi yenye nakshi nyekundu iliyokaa sawasawa kifuani, alielekezwa kwake. Mumewe, Nasser, alifariki kwa homa wakati binti yao anajifunza kutembea. Mwanawetu hakuolewa tena. Alimlea Naila kwa sindano na kumsomesha kwa sindano, mpaka Naila akawa muuguzi wa wadi ya macho katika hospitali kubwa ya mjini.

Ilikuwa mwaka wa 1973. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na maduka yao pale chini ya kilima yalikuwa mikononi mwa watu wasiojua hata bei ya kitambaa wanachokiuza. Sukari ilitafutwa kama dawa. Watu walizoea kunong'ona hata wakizungumzia mvua. Lakini ndani ya nyumba ya Mwanawetu bado palichekwa, maana Naila alikuwa na kicheko kisichojua kunyamazishwa. Mama yake alimkemea kila siku kwamba kitamponza, na kila siku, Naila akirudi kutoka kazini, mama huyohuyo alikuwa wa kwanza kukisikilizia mlangoni.

Siku ya Idi Naila alikuja na mgeni. Alimshika mkono mwanamke kijana, mrefu, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akamwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye mkeka.

"Mama, huyu ni Akullo. Ni mgonjwa wetu. Nimemwambia pilau yako haina mfano, usiniaibishe."

Mwanawetu alimtazama mgeni usoni, kisha akayaondoa macho yake haraka. Mboni za yule mwanamke zilikuwa zimefunikwa na ukungu mweupe, kama maziwa yaliyomwagika juu ya maji.

Akullo alikula polepole, vidole vyake vikiitafuta nyama kwenye sinia, na Naila akiisogeza karibu pasipo kusema. Baada ya chai ndipo aliposimulia. Alikuwa mtu wa Lango, mke wa askari aliyeitwa Okullo. Siku moja Okullo alikwenda zamu kambini kwake, hakurudi, kama wenzake wengi wa kabila lake, kabila la rais aliyepinduliwa. Akullo akajificha kwa shangazi yake huko Kyebando, ana mimba, hathubutu kutoka nje. Macho yakaanza kuwasha na kutoa usaha. Shangazi akamtia maji ya majani. Alipopata ujasiri wa kwenda hospitali, vidonda vilikuwa vimekauka na kuacha makovu, na mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa.

"Huyu mtoto naitwa Atim," alisema. "Kwetu, mtoto akizaliwa mbali na nyumbani, tunaita hivyo. Watu yote nasema amefanana baba yake. Lakini mimi hapana ona yeye hata siku moja. Picha ya Okullo, askari walichoma yote. Basi nashika hii uso na mikono tu, hivi."

Akampapasa mtoto kipaji cha uso, pua, kidevu. Mwanawetu akainuka kwenda kuongeza chai ambayo haikuhitaji kuongezwa.

Usiku ule mama na binti wakiwa jikoni wanaosha vyombo, Mwanawetu aliuliza kama hakuna dawa.

"Dawa hakuna, Mama. Kuna operesheni. Jicho lina kioo chake mbele, ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. La Akullo nyuma ni zima kabisa, ni hicho kioo tu kilichoharibika. Daktari Erinayo anaweza kukitoa na kushona kingine."

"Si akishone basi?"

"Kinatoka kwa mtu aliyekufa, Mama. Zamani viliwahi kuletwa kutoka ng'ambo ndani ya barafu. Tangu wageni waondoke haviji tena. Na hapa watu hawatoi. Wanakufa kila siku, unajua mwenyewe wanavyokufa, na macho mazima yanakwenda kuoza." Alifuta sahani, akaitazama kama kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. "Mimi nikifa, yangu apewe mtu. Apewe Akullo kama bado anangoja."

"Hebu koma!" Mwanawetu alimpiga begani kwa mkono wenye povu. "Msichana hujaolewa unazungumza habari za kufa?"

Naila alicheka. Kisha akaacha kucheka, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. "Nasema kweli, Mama. Kila akija kliniki ananiuliza leo Atim amevaa nguo ya rangi gani. Siwezi kuzoea lile swali. Nikizikwa nayo, yatamfaa nani?"

"Nitakuzika wewe au utanizika mimi?" mama alisema kwa hasira, na mazungumzo yakaishia hapo. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Neno lile halikurudiwa tena.

Haukupita muda mrefu. Siku moja mchana, Mwanawetu akiwa barazani anatia nakshi, alimwona Saverio, mhudumu wa wadi ya macho, anapanda kilima kwa baiskeli huku akihema. Saverio aliteremka, akaisimamisha baiskeli, ikaanguka, akaiacha hapohapo chini. Mwanawetu alijua kabla hajafungua kinywa.

Naila alikuwa amekwenda Kyebando kumpelekea Akullo dawa ya matone, kwa kuwa Akullo alikuwa na homa na hakuweza kufika kliniki. Wakati wa kurudi alipewa lifti na mtu mmoja mwenye gari. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari ambacho asubuhi hakikuwapo. Dereva alichelewa kusimama, au breki zilichelewa, hakuna aliyejua. Askari alifyatua risasi moja tu. Dereva hakupata hata mkwaruzo. Alimkimbiza Naila hospitali, kwenye mikono ya watu waliokuwa wakifanya naye kazi, nao walihangaika naye mpaka hapakuwa na la kuhangaikia.

Mwanawetu alimkuta amelazwa kwenye chumba kidogo nyuma ya wadi. Walikuwa wamemfunika shuka mpaka shingoni. Uso wake ulikuwa mzima, na kitambaa cha kichwa kimekaa upande, alivyozoea kukivaa. Mama yake alikirekebisha. Kisha akaketi, akaushika mkono uliokuwa bado una joto kidogo, asilie. Watu waliingia na kutoka. Kila mmoja alimwambia neno lilelile, kwamba ashukuru, yeye ana maiti ya kuzika, wako wengi ambao hawakupewa hata hiyo. Aliitikia kwa kichwa. Alitamani wote wanyamaze.

Daktari Erinayo aliingia mwisho. Alikuwa Mganda mwenye umri wa makamo, mpole, mmoja wa wachache waliobaki wakati wenzake walipokuwa wakitoroka kwenda Nairobi. Alipiga magoti mbele ya Mwanawetu, kama wafanyavyo Waganda kwa mkubwa wao, jambo ambalo daktari hakulazimika kulifanya.

"Nyabo," alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kiganda, "sina maneno. Alikuwa mkono wangu wa kulia."

Aliinuka, akaelekea mlangoni. Hakuomba kitu. Hakujua kwamba kuna kitu cha kuomba.

Mwanawetu akamwangalia anavyokwenda. Maneno ya jikoni yalikuwa yakimrudia tangu alipoingia chumbani. Alijua ni yeye peke yake aliyeyasikia. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu duniani. Atamchukua binti yake nyumbani akiwa kamili, atamwosha, atamvika sanda, atamzika karibu na Nasser, na siri itabaki kati yake na marehemu. Alitaka kunyamaza. Alitaka kwa moyo wake wote.

"Daktari," aliita. "Ngoja."

Daktari akageuka.

"Yule Akullo bado anangoja macho?"

 Machozi, ambayo Erinayo alikuwa ameyazuia mbele ya wauguzi wote, yakamtoka.

Farouk, ndugu yake marehemu Nasser, alikuwa amefika na kusikia. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mwenye heshima mtaani, na Naila alisoma juzuu yake ya kwanza magotini pake. Alimvuta Mwanawetu kando.

"Shemeji, umechanganyikiwa, na ni haki yako. Lakini huu mwili ni amana. Si wetu kuukata na kuugawa."

"Alisema mwenyewe, Farouk. Siku ya Idi, mbele yangu."

"Watoto husema mengi."

"Huyu hakuwa mtoto. Alikuwa anawaona vipofu kila siku, anawashika mikono, anajua anachosema. Mimi nilimkemea. Nilimwambia akome. Sasa nimnyamazishe mara ya pili?"

"Na watu watasema nini? Tutamwambia nini Mungu?"

"Mungu ndiye aliyempa macho, na mimi nitamjibu mwenyewe. Shemeji, nisikilize." Alimshika Farouk mkono wa kanzu, kanzu aliyoishona yeye. "Yule askari hakumjua mwanangu. Amemchukua kama mtu anayezima taa. Kazi yake, watoto ambao angewazaa, kicheko chake, vyote amevichukua pasipo kuuliza. Hiki kimoja hakukichukua. Hiki Naila alikitoa mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa hai. Ukinizuia, utakuwa umemmalizia yule askari kazi yake."

Farouk aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa ikisogea, pengine akisoma, pengine akilia.

"Mimi sitasema ndiyo," alisema hatimaye. "Siwezi. Lakini na hapana sitasema." Akatoka, akasimama nje ya mlango, na ndugu wengine walipofika na kutaka kuingia aliwaambia wasubiri, madaktari hawajamaliza.

Ilibidi ifanyike upesi, kwa kuwa macho hayasubiri. Kabla ya kuanza Daktari Erinayo alirudi tena kwa Mwanawetu, amevaa joho la kazi, akamwonyesha mikono yake.

"Tazama, nyabo. Haijawahi kutetemeka. Leo naogopa."

Mwanawetu aliishika ile mikono miwili kati ya mikono yake, akaibana kama vile alivyokuwa akiibana mikono ya Naila mdogo asubuhi za baridi, mpaka ikatulia. Kisha akaenda kukaa chini ya dirisha, nje, ambako hakuweza kusikia lolote.

Jioni ile alimwosha binti yake mwenyewe. Wanawake wa mtaani walikuja kumsaidia, akawaruhusu wamimine maji tu. Kope za Naila zilikuwa zimefungwa vizuri, na daktari alikuwa amejaza pamba chini yake ili uso usibonyee. Mtu asiyejua asingejua. Lakini Mwanawetu alijua, na kidole chake kilipopita juu ya kope zile, kilihisi ulaini usiokuwa wa jicho. Alishika ukingo wa kitanda. Mmoja wa wanawake aliuliza kuna nini. Alisema hakuna kitu, mimina maji.

Walimzika kesho yake asubuhi. Kabla ya hitma kwisha habari zilikuwa zimezagaa. Mmoja alisema macho yameuzwa. Mwingine alisema Naila atafufuliwa kipofu, atakuwa anapapasa huko ahera akimtafuta mama yake. Hilo la pili lilimfikia Mwanawetu akiwa kisimani, na lilimkata kuliko alivyodhani neno linaweza kumkata mtu. Baadhi ya wateja waliacha kuleta vitambaa. Farouk, ambaye hakusema ndiyo, alisimama msikitini baada ya sala akawaambia watu kwamba Mola aliyeweza kumuumba mtu kwa tone la maji hashindwi kumrudishia macho, na kwamba atakayeongea tena habari za mtoto wa ndugu yake atakutana naye yeye. Maneno yakapungua. Hayakwisha.

Daktari Erinayo alikuja nyumbani majuma machache baadaye. Jicho la kushoto halikushika, alisema, mwili ulilikataa. La kulia limeshika. Akullo anaona. Si vizuri sana, lakini anaona.

"Anaomba kukuona, nyabo."

"Hapana," alisema Mwanawetu. "Mwambie nimefurahi. Lakini hapana."

Hakuweza kueleza. Mchana alijiambia kwamba hataki shukrani. Usiku alijua kwamba anaogopa. Aliogopa kukutana na macho ya mwanawe kwenye uso wa mtu mwingine. Na zaidi ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho alikionea haya: alitamani sana kuyaona.

Akullo hakungoja ruhusa. Alikuja siku ya mvua ya manyunyu, peke yake, mtoto mgongoni, akiwa ameuliza njia kutoka duka hadi duka. Alisimama barazani mbele ya cherehani.

"Mama Naila," alisema. "Ni mimi."

Mwanawetu aliinua kichwa, akamtazama. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe vilevile. La kulia lilikuwa safi, la kahawia iliyokolea, linamtazama. Alisogea karibu, akamshika Akullo mashavu kwa mikono miwili pasipo hata kumkaribisha, akatafuta. Alitafuta ule mng'ao uliokuwa ukitangulia kicheko. Alitafuta lile doa dogo la manjano lililokuwa kando ya mboni tangu Naila alipozaliwa. Hakuona chochote. Lilikuwa jicho la Akullo. Lilikuwa jicho la mtu mgeni, limejaa machozi.

Alikumbuka sasa maelezo ya Naila. Kioo tu, Mama, ngozi ya kupitisha mwanga. Macho yalitolewa mazima, lakini kilichoshonwa ni hicho tu, nacho hakina rangi.

"Hayumo," alisema, akamwachilia, akaketi kwenye kigoda. "Nilidhani nitamwona. Hayumo."

Akullo alikaa chini sakafuni karibu yake. Hakujaribu kumpa maneno ya faraja. Alimteremsha mtoto, akamweka mapajani mwake.

"Hata mimi," alisema. "Siku walifungua bandeji, mimi nasema, lete Atim, sasa naona Okullo. Wakaleta. Mama, hii mtoto hapana fanana Okullo hata kidogo! Amefanana mimi. Pua yangu, mdomo yangu. Watu yote walidanganya mimi sababu ya huruma. Hata Naila alidanganya." Akafuta uso kwa kiganja. "Masikio tu. Masikio ni ya Okullo."

Mwanawetu aliyatazama masikio ya mtoto. Yalikuwa makubwa, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Bila kutaka alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko, na sauti hiyo ikamwumiza kifua, kwa sababu tangu mazishi kifua chake hakikuwa kimeitoa.

"Mama," alisema Akullo, "mimi nimekuja omba kitu moja. Naila ameshika mkono yangu miezi mingi. Ameosha macho yangu, amebeba mtoto yangu. Mimi najua sauti yake, najua harufu ya sabuni yake. Lakini uso yake mimi sijui. Sijapata ona yeye. Nionyeshe Naila."

Jambo hilo halikuwa limempitia Mwanawetu akilini. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akaifunua picha aliyokuwa ameifungia ndani ya khanga tangu siku ya msiba, kwa kuwa hakuweza kuitazama. Ilikuwa picha ya siku Naila alipohitimu uuguzi, amevaa sare nyeupe, amesimama wima kama askari, na mtu akiitazama vizuri anaona anavyojizuia kucheka.

Akullo aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, akaigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga wa nje, akatulia. Mvua iligonga mabati. Mtoto alivuta pindo la picha, mama yake akamzuia pasipo kuliondoa jicho.

"Nilifikiri ni mrefu," alisema.

"Alikuwa mfupi. Alisema kwa sauti ya mtu mrefu."

"Na hapa anataka cheka."

"Mpiga picha alimkataza. Alipomaliza tu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka."

Ndipo Mwanawetu akaanza kusimulia, na alipoanza hakuweza kuacha. Alisimulia Naila alivyochelewa kusema na alivyolipiza baadaye. Alisimulia alivyofeli kushona hata tundu moja la kifungo, na alivyowahi kumleta nyumbani paka mwenye jicho moja. Akullo aliuliza maswali, akiitazama picha kila alipojibiwa, kama mtu anayeoanisha sauti na mdomo ulioitoa. Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Akullo alipoinuka ndipo aliposema kwamba amekuja kuaga pia. Shangazi yake amepata watu wa kuwavusha mpaka kuingia Kenya. Kyebando hapakaliki tena, wajane wa askari wa Lango wameanza kuulizwa maswali. Na Daktari Erinayo, alisema kwa kunong'ona, naye hayupo tangu juzi. Wengine wanasema ametoroka. Wengine hawasemi kitu.

 Tangu daktari alipokuja kumpa habari za jicho lililoshika, Mwanawetu alikuwa na neno alilotaka kumwambia siku moja akipata nguvu, kwamba na macho yake yeye, zamu yake ikifika, yachukuliwe. Sasa hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Alimfunga Akullo mtoto mgongoni, akaikaza khanga. Hawakukumbatiana. Akullo alipiga magoti kidogo, akasema, "Asante, Mama Naila," akashuka kilima.

Mwanawetu alisimama barazani akimtazama. Njia ilikuwa ya utelezi na katikati palikuwa na mtaro mpana uliojaa maji mekundu ya mvua. Akullo alifika kwenye ukingo wake. Hakunyoosha mkono kupapasa, wala hakusita. Alitazama chini, akapima, akaruka, akaendelea na safari yake pamoja na mtoto.

Alipopotea nyuma ya maduka, Mwanawetu aliingia ndani, akafunga mlango, akaketi sakafuni palepale alipokuwa ameketi mgeni. Hapo ndipo alipomlilia binti yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza, akimwita kwa jina. Farouk alimsikia kutoka nyumba ya pili. Alikuja mpaka kizingitini, akainua mkono kubisha, akaushusha. Alikaa barazani kwenye kigoda cha cherehani, akamngoja hadi jua likazama.